Visamaki vya Upinde

Mume wangu ni mpima macho. Mume wa dada yangu anauza zana za uvuvi. Kwa kuwa walioa nyumba moja, waliitana mwanyumba, na kwa sauti waliyolitamkia neno hilo ungedhani ni tusi. Kila mmoja alimdharau mwenzake. Mimi niliyekaa katikati yao niliwadharau wote wawili, bila upendeleo.

Ugomvi wao haukuwa wa shamba wala wa urithi. Ulikuwa wa rangi. Rangi za visamaki vya plastiki, vile vyenye ndoana tumboni, ambavyo mtu huvifunga kwenye mshipi, akavirusha majini na kuvivuta vikitikisika ili samaki wa kweli adanganyike. Mume wa dada alivitundika ukuta mzima wa duka, kuanzia dirishani mpaka mlango wa stoo: vyekundu, vya manjano, vya kijani, vya buluu, vya zambarau, halafu vya zile rangi zinazogombanisha hata mafundi cherehani, damu ya mzee, ugoro, waridi lililopauka. Chini ya kila safu dada alibandika karatasi yenye jina la rangi. Mtaani walimwita Upinde, kwa upinde wa mvua, naye akaona amesifiwa.

Mteja akiingia, Upinde hakumsalimu. Alimkagua kuanzia viatu.

"Unavua wapi?"

"Mdomo wa mto, pale kwenye mawe."

"Kwa kipi?"

"Hiki cheupe."

"Cheupe! Maji yale ni tope tupu, ndugu yangu. Kwenye tope unaweka cheusi au damu ya mzee, samaki aone kivuli kinapita. Cheupe ni cha maji ya kioo. Wewe unakwenda kuvua au unakwenda kuosha mshipi?"

Na mteja alinunua. Mtu akitukanwa kwa uhakika namna ile huona haya kutoka mikono mitupu.

Mume wangu, ambaye Upinde alimwita Miwani, alikuwa na kisamaki kimoja tu, cha kijivu, kilichong'oka jicho. "Samaki hana kabati la nguo," alikuwa akisema. "Anaona kitu kinatikisika, anauma. Kifikishe alipo, kivute polepole, basi. Rangi inanasa wavuvi, hainasi samaki." Maneno hayo aliyapenda mno. Aliwaambia wagonjwa wakiwa wameweka kidevu kwenye mashine, wasipoweza kumkimbia. Mimi nikiwa mapokezi ya kliniki niliyasikia kila siku, kupitia mlango uliokataa kufungika.

Jumapili moja walibishana mezani kwa dada mpaka chakula kikapoa. Dada akapiga meza kofi.

"Nendeni mkavue basi! Mahali pamoja, maji yale yale. Atakayekosa afunge domo."

Mimi nikateuliwa kuwa shahidi, maana dada mgongo ulikuwa unamsumbua. Tulipoondoka alinifuata mpaka getini, akanishika mkono.

"Mdogo wangu, lile sanduku lake la visamaki, usimwache mtu alichokonoe. Nimelipanga mwenyewe."

Nikaona ni ule ule ujinga wake wa kumdekeza mume. Nikapanda gari.

Maji yalikuwa yanakupwa tulipofika, mazito, ya kahawia. Upinde alifungua sanduku, kila kisamaki na chumba chake, akaanza mahubiri. Alirusha cheusi, akakitoa, akarusha cha zambarau, akakitoa, kila mara akieleza jua limekaaje na samaki anafikiri nini. Mume wangu alisimama kama nguzo na kijivu chake, haongei, lakini unyamavu wenyewe ulikuwa wa dharau. Hakuna aliyepata hata dagaa. Nilichoka kusimama, nikageuka kutafuta jiwe la kukalia, na mguu wangu ukalipiga sanduku. Visamaki vikamwagika mawe yote.

Upinde alipiga yowe kama ameumwa yeye. Niliviokota kimoja kimoja, nikavirudisha popote palipokuwa na nafasi.

"Vyote viko, shemeji."

"Asante," akasema. Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, na paji la uso lilikuwa linamtoka jasho. Akainama, akachukua kilichokuwa chumba cha kwanza, akakiinua juu.

"Nyekundu! Jua likianza kushuka, mwanyumba, nyekundu haina mpinzani."

Alichoshika kilikuwa kijani. Kijani cha chura. Nikadhani anatania. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amevua miwani, anaifuta, akaivaa tena.

"Hiyo ni nyekundu?" akauliza kwa upole.

"Kwani mpima macho huoni?"

Mume wangu akatabasamu. Tabasamu lile nalijua. Huwatolea wagonjwa waliokariri herufi za ubaoni wakadhani wamemhadaa.

Upinde akarusha. Hakuvuta hata mara tatu, fimbo ikapinda. Alitoa kolekole mnene, mkia unachapa mawe, na yeye mwenyewe akawa anaruka kuliko samaki. "Nyekundu! Nilisema nini? Nyekundu!" Kijivu cha mume wangu kilikuwa kimepita maji yale yale mchana kutwa, na hakikunasa hata jani.

Ndani ya gari mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Amepata samaki kwa kijani akiamini ni nyekundu! Unataka ushahidi gani tena kwamba rangi ni upuuzi?"

"Na wewe kijivu kimekupa nini?"

Akafungua redio.

Kati yetu sote pale kwenye mawe, ni kolekole peke yake aliyejua anachokitaka, na ndiye aliyeliwa.

Nilimsihi asimwaibishe. Nilimwambia hayo ni macho, si kosa la mtu, amwite kliniki wazungumze wakiwa wawili. "Bila shaka," akasema. Siku chache baadaye akaniomba tupitie dukani kidogo, na akachagua saa ambayo duka hujaa.

Upinde alikuwa anamshukia dereva mmoja wa lori. "Manjano, kwenye tope? Mungu alikupa macho ya nini?"

Mume wangu akatoa kisamaki ukutani, safu ya kijani, akakiweka juu ya kaunta.

"Mwanyumba, kabla hujamsaidia huyu. Hiki ni rangi gani?"

Macho ya Upinde yalikimbilia ukutani kutafuta pengo na jina lililobandikwa chini yake. Lakini mume wangu alikuwa ameshasimama mbele ya ukuta, kifua wazi, mikono nyuma. Sikujua kama anaweza kuwa mkamilifu hivyo katika ubaya.

"Nyekundu," Upinde akasema.

"Ni nyekundu," dada akadakia kutoka kwenye droo ya fedha. Akasimama, mgongo mbovu na yote. "Nyekundu. Kuna anayebisha?"

Wateja wakakitazama kile kijani, wakamtazama dada. Hakuna aliyebisha. Dereva wa lori akasema, "Nyekundu kabisa, mama."

"Kijani, jamani!" Mume wangu alikuwa anapiga kaunta. "Huyu hajui nyekundu wala kijani! Miaka yote anawatukana, kumbe haoni!"

Wawili watatu wakacheka. Upinde hakuwatazama. Alimgeukia dada.

"Mke wangu, ni rangi gani?"

Dada akaisukuma droo ya fedha mpaka ikajifunga.

"Niambie."

"Kijani."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu uliponiletea gauni la kijani tukiwa wachumba, ukasema umenichagulia nyekundu."

Upinde akaegemea kaunta. Macho yake aliyajua toka utotoni. Ambacho hakukijua ni kwamba kuna mwingine anayajua. Matusi yake yote yalikuwa ua wa miba, mtu asisogee akamuuliza. Nilielewa, ila huruma yangu haikufika mbali. Miba hiyo ilikuwa imekwaruza watu wengi.

Dada akakichukua kile kisamaki, akamsogelea mume wangu.

"Wewe umesomea macho. Umekula mezani kwangu kila Jumapili. Mpaka sanduku limwagike ndipo uone? Toka."

Nikashika mkoba wangu.

"Wewe mdogo wangu, baki."

Duka halikufa. Watu walikuja kucheka, dada akawauzia. Siku hizi yeye ndiye anayeshauri, na ushauri wake ni mfupi: chukua unachokipenda, ujifunze kuvuta. Akibanwa sana hukiri kwamba kwenye tope cheusi huumwa zaidi, basi.

Mume wangu alishinda, na hana wa kuvua naye. Mwanzoni aliwahadithia wagonjwa kisa kile, lakini nusu yao ni wateja wa dada, wakawa wanatazama saa. Huenda kwenye mawe peke yake, hurudi na harufu ya bahari tu. Siku moja nikifua koti lake, mfukoni nikakuta kisamaki cha damu ya mzee, kipya, cha duka la mji wa pili. Nilikirudisha mahali pake. Mtu aachiwe angalau kitu kimoja cha kuficha.

Upinde alikaa muda mrefu bila kugusa fimbo. Siku aliyonitumia ujumbe kwamba anakwenda kuvua, na kama nina nafasi nije, nilidhani amekosea namba. Tulisimama mdomo wa mto. Alifungua sanduku, akalisukuma upande wangu.

"Maji yakoje, shemeji?"

"Ya tope."

"Tope la chai au tope la kahawa?"

"Chai ya maziwa."

"Nipe cheusi."

Nikampa. Akakigeuza geuza karibu na pua.

"Cheusi kweli?"

"Shemeji!"

"Nauliza tu." Akakifunga, akarusha, akakunja uso. "Na usisimame hapo, unatia kivuli majini. Hujui kitu wewe."

Nikasogea. Siku ile hatukupata chochote.