Sahani ya Shahidi

Ghadhabu ilimpanda mpimaji, akaliachia gurudumu la hadubini. Siku mbili nyama ya kome ilikuwa imelala katika potashi, dawa kali ya kuyeyushia, mpaka ikayeyuka ikawa maji. Akaichuja, na juu ya karatasi ya chujio akahesabu vipande thelathini na kimoja vya plastiki, vyeupe, vidogo kuliko punje ya chumvi. Kome hao ndio waliokuwa wakipikiwa watoto shuleni, wanawe wawili wakiwamo. Taarifa iliyoletwa aitie sahihi ilisema: vipande viwili, kome ni safi.

Mwandishi wake alikuwa mkuu wa maabara, ami yake, aliyemlea tangu alipofiwa na baba na kumtafutia kazi hii. Alipoulizwa, alieleza kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Sahani ya shahidi, isiyo na kome, inayowekwa wazi mezani wakati wa kazi tu ili ikamate vumbi la chumba, ilikutwa na nyuzi ishirini na tisa. Kilichotoka hewani hutolewa katika hesabu ya kome. Vikabaki viwili.

Mpimaji akaikumbuka asubuhi ya kipimo. Ami aliingia na sweta ya kijani ya nailoni badala ya koti la pamba la maabara, nao wapimaji wote, kwa adabu waliyolelewa nayo, wakaacha viti wakasimama kumwamkia. Hakuna aliyethubutu kumpa mgongo afunike sahani. Naye akaiinamia ile ya shahidi, akijikung'uta mikono, huku akiwaulizia watoto mmoja mmoja. Kumbe salamu zilikuwa pazia. Iko dhambi ya kupunja kibaba sokoni. Hii ilikuwa ya kupunja ukweli tumboni mwa mtoto.

"Ami, nipe mkono wako."

"Umeanza kupiga ramli?"

Hakucheka. Kwa kibano akachomoa uzi mmoja wa sweta ileile, akaulaza chini ya hadubini ubavuni mwa nyuzi za shahidi, akamkaribisha atazame. Zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Katika kome hamkuwa na uzi wa kijani hata mmoja.

"Uzi hutolewa kwenye nyuzi, ami. Wewe umetoa maembe katika kapu la nazi."

Ami akasema wenye shamba la kome ni watu wazito, tena yeye kawapa neno lake.

"Nani aliyekuweka hapa, mwanangu?"

"Wewe. Nami nilisimama kukuamkia nikaacha sahani wazi. Kosa langu nitaliandika. Na lako."

Katika taarifa akalikata neno viwili, akaandika thelathini na kimoja. Chini yake akaongeza: nyuzi za shahidi zimetoka katika sweta ya mkuu wa maabara, mpimaji akiwa amesimama bila kuifunika sahani. Akatia sahihi. Ami akamwambia asikanyage tena nyumbani kwake. Akajibu kwamba amesikia, akaichukua taarifa, akashika njia ya shuleni kwa miguu. Saa ya chakula ilikuwa haijafika.