Mkono Umeacha Kuuma

Alhamisi jioni, chai ikiwa bado mezani, Mbuthia alituambia kwamba amebadilisha mawazo. Pikipiki ya mbio hataiuza tena. Atauza hii ya pole.

Mama yake, ambaye ni binti yangu Wangui, aliweka kikombe chini, akaingia jikoni, na tukamsikia akiosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa. Nikabaki mimi na Mbuthia.

Mbuthia ni mtoto wa pili wa kiume wa Wangui, na kwetu mtoto kama huyo hupewa jina la baba wa mama yake. Kwa hivyo ana jina la marehemu mume wangu, na tangu akiwa wa kubebwa mgongoni nimemwita bwanangu, naye huniita Cucu, yaani bibi. Sasa ana miaka thelathini na mmoja, anafanya kazi ya bima mjini, na tangu alipoanza kupata mshahara hajawahi kukosa pikipiki ya mbio. Hizi ambazo mtu hulala juu ya tenki, kidevu mbele, makalio juu, kama paka anayevizia panya. Ya mwisho ilikuwa ya buluu. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa akienda na wenzake mpaka Mai Mahiu na kurudi, nami nilikuwa nikikaa hapa nyumbani Mountain View nikingoja sauti yake itokee upande wa Westlands au wa Uthiru, maana hakuwa na njia moja. Ilikuwa sauti kama shuka mpya inayoraruliwa. Nikiisikia ndipo nilikuwa nakula. Miaka mingi chakula changu cha Jumapili kilikuwa baridi.

Mwaka jana mwezi wa tatu sauti haikuja. Ilikuja simu. Alivunjika mfupa wa bega, mbavu mbili, na kifundo cha mkono wa kushoto, ambacho walikitia chuma chenye skurubu sita. Nilimlisha kwa kijiko mpaka mvua ndefu zikaisha. Siku ya kutolewa plasta daktari alimwambia, nikiwa nimekaa pale pale, "Mkono huu usiubebeshe mwili wako." Akaelewa maana yake. Kwenye pikipiki za mbio uzito wote wa mtu huangukia mikononi.

Ndipo mwaka huu akanunua hii nyingine kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Woodley. Imetengenezwa kwa mtindo wa zamani. Taa yake ni ya duara kama sahani, tenki ni ya kijani na ina mstari mwembamba wa dhahabu uliochorwa kwa mkono, usukani ni mpana umeinuka, na kiti ni kirefu kimenyooka kama benchi la kanisa. Injini haina haraka. Inapiga du, du, du, mpaka vijiko vinalia kabatini. Mwalimu aliifuta kwa kitambaa cha manjano kabla ya kuitoa langoni, akaona alama ya kidole chake, akaifuta tena. Mimi niliipenda siku hiyo hiyo. Mbuthia aliitazama kama mtu aliyeletewa uji wa mgonjwa.

"Kwa nini sasa, bwanangu?" nikamwuliza.

"Mkono unauma, Cucu. Nimejaribu hii kitu wiki saba, na mkono unauma vile vile. Sasa kama ni kuumia tu, si heri niumie kwa ile naipenda?"

Niliangalia utando wa maziwa juu ya chai yake.

"Clifford anakuja Jumamosi kwa Dalmas kuchukua ile ya buluu," akasema. "Nitamwambia achukue hii ya kijani ama aende zake."

Dalmas ni makanika, gereji yake iko Kangemi, ng'ambo ya barabara kubwa. Ndiye aliyeinyoosha ile ya buluu baada ya ajali. Clifford ni kijana wa Kitisuru aliyekuwa amekubaliana na Mbuthia kuinunua.

Sikulia. Nimechoka kulia, na hata maombi yangu siku hizi ni mafupi. Nikasema tu, "Jumamosi asubuhi nina kliniki ya macho mjini. Utanipeleka."

"Na nini? Pikipiki?"

"Na hiyo ya kijani. Kabla hujaiuza, nami niikalie."

Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kuwa karibu naye.

Jumamosi nilivaa suruali ya mazoezi ya Anita, dada yake mdogo, na sketi yangu juu yake. Wangui alinifunga kamba ya helmeti juu ya kitambaa, huku akinung'unika.

"Mama, na magoti hayo?"

"Magoti yatakaa. Hayatembei."

"Ukianguka mimi sitakuja hospitali. Nimechoka na zile viti."

"Usije. Tuma Anita na uji."

Tukatoka. Nilimshika kiunoni, na kwa sababu sikuweza kuona barabara, nilitazama kile kilichokuwa mbele yangu, yaani mgongo wake. Ulikuwa umeinama mbele. Viwiko vilikuwa vimekunjwa na kutokeza nje, mabega yamepanda mpaka masikioni, shingo imenyooshwa kama ya kobe. Kiti kile kirefu alikuwa amekiacha chote kwangu, yeye amesogea mpaka amegusa tenki.

Pale Westlands boda boda mmoja mwenye makreti ya mkate akaja kando yetu.

"Niaje, buda! Hiyo ni nduthi ama ni mashini ya unga?"

Mwanamke aliyekuwa kwenye gari la upande wa pili alicheka waziwazi. Nikahisi Mbuthia akikanyaga gia kurudi chini, kisha akavuta mafuta. Pikipiki ikalia, ikatetemeka mpaka meno yangu yakagongana, wala haikukimbia. Boda boda alikwenda na mikate yake. Mbuthia akapandisha gia, akashusha, akapandisha, klachi kila mara, mpaka Museum Hill. Kwenye mzunguko wa University Way aliilaza kama alivyokuwa akiilaza ile ya buluu, na chuma cha kukanyagia kikakwaruza lami, kraaa! Nilifunga macho na kumtaja Bwana mara moja.

Tulipofika karibu na Jeevanjee akazima. Akavua glavu ya kushoto kwa meno. Vidole vilikuwa vimekakamaa kama vya mtu aliyetoka kufua nguo asubuhi ya baridi.

"Umeona?" akaniambia. "Si umeona mwenyewe?"

"Nimeona. Kwa nini unaendesha umelala?"

"Sijalala."

"Umelala, bwanangu. Kiti umeniachia mimi peke yangu. Mwili wako wote umeuweka juu ya mikono. Daktari alisema nini?"

"Cucu, wewe unajua nini kuhusu pikipiki?"

"Sijui kitu. Mimi nimeonyeshwa mgongo kutoka nyumbani mpaka hapa, nimeutazama. Huu usukani umekuja mpaka kwako, wewe bado unaufuata kule mbele. Keti. Keti kama mtu anayekula."

Alivaa glavu tena ingawa tulikuwa tunaingia ndani, akanishika mkono kupanda ngazi za kliniki mpaka orofa ya tatu, akipumzika kila nilipopumzika.

Daktari wa macho alinitia dawa ya matone ili aone ndani. Kwa hivyo wakati wa kurudi sikuona ila ukungu, na taa za magari zikiwa kama maua makubwa. Yote niliyoyajua niliyajua kwa mikono yangu. Mpaka Chuo Kikuu mgongo wake ulikuwa ule ule. Kisha, tukipanda kuelekea Westlands, ukaanza kurudi nyuma, pole pole, kwa kinyongo, mpaka ukanigusa kifuani. Mabega yakashuka. Nikamsikia akiweka gia ya tatu, mapema, halafu ya nne, na akaiacha hapo. Ile injini ikatulia. Ikapiga du, du, du, ikatupandisha mlima bila kulia wala kukimbia. Watu walitupita. Alikuwa mzito, mrefu, amekaa wima mbele yangu kama mtu aliye kwenye kiti chake mwenyewe, na wala hakuonekana kufurahi.

Tuliposhuka gerejini Kangemi nikamwuliza, "Mkono?"

Akaukunja na kuukunjua. 

"Hauumi," akasema.

Alisema hivyo kama mtu anayesomewa majibu mabaya. Ndipo nikaelewa nimefanya nini. Maumivu yale ndiyo yalikuwa sababu yake ya kubaki na ile ya buluu, na mimi nilikuwa nimeyaondoa.

"Shosho!" Dalmas aliita. "Leo umeletwa na trekta?"

"Trekta imenifikisha, baba. Nipe mahali pa kukaa."

Akanipa gurudumu la gari lililolazwa chini, akalitandikia gunia. Palinuka mafuta na chuma moto. Clifford alikuwa ameshafika na pikapu. Sikuuona uso wake vizuri, niliona tu mtu mwembamba mwenye kitu chekundu kichwani. Niliisikia sauti, na sauti ilikuwa changa sana.

"Sasa, Mbuthia. Tuko sawa? Ni leo, ama?"

Mbuthia alikwenda ukutani, akavua kifuniko, doa la buluu likatokea, akaipanda ile pikipiki yake. Hakuna aliyemkataza. Akaiwasha. Sauti ile, shuka ikiraruliwa, ilijaza mabati yote. Aliinama juu yake. Hapo hata kwa macho yangu ya ukungu nilijua jinsi alivyokaa, kwa sababu ilikuwa ni kukaa kule kule kwa asubuhi, isipokuwa sasa kulikuwa mahali pake. Mwili na pikipiki vilikuwa kitu kimoja. Nikajiambia, ikiwa ataondoka sitamwita. Nimeshasema nilichokuwa nacho.

Alikaa hivyo, injini ikiunguruma, muda wa kuchemsha yai. Dalmas aliacha kugonga. Kisha Mbuthia akainuka kifua kidogo, akaondoa mkono wa kushoto kwenye usukani, akauweka pajani. Akazima.

"Mkono?" Dalmas akauliza.

"Umeanza kuuma. Dakika tatu tu, na bado sijatoka kwa geti," Mbuthia akasema. Akashuka. "Clifford, kuja hapa. Klachi yake inashika mwisho kabisa, usiiachilie haraka. Breki ya mbele iguse kwa vidole viwili. Viwili, si vinne. Ukiona mchanga kwa kona, usishike kitu. Umeskia?"

"Nimeskia, bro. Relax."

"Usiniambie nirelax. Mimi nilishika."

Nilikuwa sijawahi kuyasikia hayo. Mwaka mzima alikuwa akituambia hakumbuki alivyoanguka.

Waliisukuma juu ya pikapu, wakaifunga kwa kamba. Clifford alipokuja kuniaga nilimshika mkono, laini, usio na kovu hata moja.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Peres."

"Anajua unanunua hii?"

Akacheka. "Shosho, nitamwambia pole pole."

"Mwambie leo. Na Jumapili ukirudi, mpigie simu kabla hujafika. Asikae akisikiliza barabara."

"Sawa, Shosho," akasema, lakini alikuwa ameshageuka kutazama kamba.

Pikapu likaondoka, na furaha niliyokuwa nimeingojea miaka yote hiyo haikuja. Nilimfikiria Peres, mtu ambaye simjui, pengine wakati huo akipanga viazi kwenye friji huko Kitisuru, hajui kinachopanda kwenda kwake.

Kutoka pale mpaka nyumbani si mbali. Mbuthia aliendesha amekaa vizuri. Mgongo wake ulitetemeka kifuani pangu, nami nikafikiri ni ile injini, kwa sababu hutikisa kila kitu. Tulipofika mahali pa kuingia mtaani kwetu aliachilia klachi vibaya, na pikipiki ikazima katikati ya njia. Pakawa kimya. Mgongo wake ukaendelea kutetemeka.

Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa. Nililaza helmeti yangu kwenye bega lake, lile lililovunjika, taratibu.

Gari la nyuma likapiga honi, halafu jingine. Mkono mmoja nikauacha kiunoni mwake. Wa pili nikaunyoosha nyuma, nikawaonyesha kiganja, wangoje kidogo.