Uchovu wa Baba Mdogo

Luciana alikuwa anapukuchua mahindi uani, kijijini kwao Pito, masikio yake yalipoziba. Ilikuwa asubuhi ya Juni, jua limetoka lakini halina nguvu, na upepo wa baridi unapita juu ya ukuta. Akafungua mdomo, akaufunga, akameza mate. Hayakuzibuka.

"Baba yako mdogo ameshapaa," alisema Bibi Otilia bila kuinua kichwa. Alikuwa anapepeta ulezi. "Sogeza hayo mahindi kabla hujalala, kuku wasije wakala."

Luciana akasogeza mahindi. Miguu ilianza kuvimba ndani ya kandambili. Magoti yakabana, kana kwamba mbele yake kulikuwa na mgongo wa kiti, na bega la mtu asiyemjua likamwegemea. Akajilaza juu ya gunia palepale juani. Alilala mpaka kuku walipoingia bandani, na usingizi ulipomwachia alitaka chakula cha mchana wakati wengine wanasali sala ya jioni. Baba yake mdogo, Maximilian, alikuwa ametua China mzima kama alivyoondoka, akaenda moja kwa moja kutafuta pampu za maji.

Nyumbani hakuna aliyeona kuwa hilo ni jambo la kuita majirani. Lilianza zamani, Luciana akiwa mtoto wa miaka saba. Kwao, kama kwa watu wote wenye adabu, mtoto akimwona mkubwa anaingia kutoka safari humkimbilia, humwamkia, humpokea mzigo. Siku hiyo Maximilian alikuwa anatoka Mtowisa, kule bondeni, alikokwenda kununua mchele. Lori lilizama kwenye tope, mchele ukabaki, akaupanda mlima kwa miguu na kufika mikono mitupu. Luciana alikuwa ameshanyoosha mikono na ameshasema "shikamoo baba mdogo, nipe nikupokee" ndipo alipoona kwamba hakuna cha kupokea.

"Sina mzigo, mama," Maximilian alimwambia. "Nina uchovu tu."

Mtoto mwingine angecheka akakimbia. Luciana alikuwa na haya. Aliona aibu kuirudisha mikono mitupu mbele ya watu, akaiacha hapohapo, imenyooshwa, na Maximilian akampa huo uchovu. Jioni ile Maximilian alicheza mpira na vijana mpaka mpira ukawa hauonekani. Luciana alilala siku mbili, tope la Mtowisa likimvuta vifundoni.

Baada ya hapo haikuwa lazima hata afike nyumbani. Alipokwenda Kabwe kuchukua dagaa, Luciana alitapika darasani kwa mawimbi ya ziwa. Alipoanza kupanda basi la Dar, Luciana alikuwa darasa la tano, akawa anasinzia juu ya dawati tangu Laela mpaka Chalinze. Mwalimu wake hakumchapa. Alimwita Bibi Otilia akamweleza kwa upole kwamba mtoto anayesafiri kiasi hiki hawezi kufuata masomo. Luciana akaacha shule. Majirani wakazoea kumpa yeye pole na safari, na Maximilian wakampa sifa. "Yule bwana hachoki," walisema, na ilikuwa kweli. Mtu asiyechoka hufika sokoni wakati wenzake bado wamelala gesti. Akafungua duka mjini Sumbawanga, akafungua na la pili, na alipoona bei za Dar hazimfai akaanza kwenda China mwenyewe.

Mwaka huu Mwalimu Edith, fundi anayeshona sare za shule kwenye jengo moja la parokia, alitangaza kwamba anatafuta wasichana. Hakutaka cheti. Alitaka kila msichana ashone shati moja la mwanafunzi mbele ya macho yake, kuanzia asubuhi mpaka kengele ya mchana: kola, mfuko, mikono, vifungo. Atakayemaliza atapewa cherehani na nafasi ya kukaa karibu na dirisha. Luciana alikuwa amejifunza kola kwa kufumua mashati ya zamani ya baba mdogo na kuyashona upya. Hakuwa mtu wa kutaka vitu, au kama alivitaka alivitaka kimyakimya. Hili alilitaka mpaka bibi yake akasikia.

Siku ya kushona ilipangwa Alhamisi, na Alhamisi hiyohiyo Maximilian alikuwa na safari nyingine ya China.

Bibi Otilia alimpigia simu. Maximilian akaona jambo hilo halifai kwenye simu, akaja mwenyewe na gari, akaketi uani kwenye kiti cha plastiki.

"Ahirisha," Bibi Otilia alimwambia.

"Mama, watu wa kule hawaahirishi. Lakini nimelifikiria sana, usidhani sina moyo. Luciana, njoo uone hapa." Akatoa simu, akawaonyesha picha. "Safari hii nimekata tiketi ya bizinesi, kule mbele. Ndege ya Wachina. Kiti hiki ukibonyeza hapa kinalala chote, kinakuwa kitanda. Kuna mto, kuna blanketi, kuna mpaka ndala za kuvaa humohumo ndani."

Bibi Otilia akaishika simu mbali na uso. "Kitanda ndani ya ndege. Si umesema inapaa asubuhi? Utalala usingizi gani?"

"Wanafunga madirisha, wanazima taa, wanasema ni usiku. Mnalala."

"Na watu wazima mnakubali."

"Tunalipia, mama."

"Nani anatandika?"

"Wapo wasichana wa kutandika. Wana adabu hao! Kitu chochote ukiwapa wanakipokea kwa mikono miwili." Akamgeukia Luciana. "Nalala Dar, naamka China. Uchovu wenyewe utatoka wapi? Wewe shona shati lako."

"Ahsante baba mdogo," alisema Luciana, akiangalia vidole vya miguu yake.

Alhamisi alifika kwa Mwalimu Edith mapema, kitambaa cha kichwa kimefuliwa. Walikuwa wasichana wachache na cherehani za kukanyaga zimepangwa ukutani. Masikio yalimziba akiwa anakata mgongo wa shati. Akameza mate, akaendelea. Alisubiri magoti yabane, hayakubana. Alisubiri bega la mtu, halikuja. Akashona kola, akaigeuza, ncha zikatoka kali pande zote mbili. Mwalimu Edith akapita, akaipapasa kwa kidole gumba, akasema, "Hii ni kola." Kwa Mwalimu Edith hayo yalikuwa maneno mengi.

Alikuwa anabandika mfuko wakati mashavu yalipoanza kumuuma. Yaliuma kama ya mtu aliyetabasamu tangu alfajiri bila kufurahi. Kisha visigino, ingawa alivaa kandambili, vikabanwa na viatu vigumu. Kiuno kikauma kwa kuinama. Kila msichana aliyepita nyuma yake kwenda kupiga pasi, Luciana alijikuta anainamisha kichwa na kusema karibu. Hakuwa na usingizi wa Maximilian. Alikuwa na uchovu wa mtu mwingine, ambaye hajakaa chini.

Alipokwisha kuunga mkono wa kwanza, msichana wa ndege aliingia. Alivaa sketi ya buluu na skafu shingoni, nywele zimevutwa nyuma mpaka nyusi zimeinuka. Mwalimu Edith alimwona, akampelekea stuli, maana mgeni haachwi amesimama.

"Samahani kukusumbua kazini," msichana alimwambia Luciana. Alizungumza Kichina na Luciana alimwelewa bila shida, kwa kuwa maumivu yao yalikuwa yaleyale. "Sikai sana. Abiria wangu amelala."

"Mrefu? Ana mwanya?"

"Huyohuyo. Anakoroma kidogo." Alitabasamu kwa mazoea, kisha akaacha, kwa sababu hapakuwa na abiria. "Alipoingia nilimpokea koti. Niliponyoosha mikono nilihisi kama kuna mlango umefunguka mahali. Tangu hapo miguu haijaniuma. Sijawahi kusimama ndani ya ndege miguu isiniume. Nikasema nije nione maumivu yamekwenda kwa nani."

"Yamekuja huku."

"Naona. Pole sana."

"Na wewe pole."

Mwalimu Edith akaleta chai ya maziwa na kiazi kitamu, akaviweka juu ya mbao za cherehani. Msichana alikitazama kikombe, akanyanyuka ili ampe mtu. Mwalimu Edith akamkalisha tena kwa kumgusa bega. "Ni cha kwako, mwanangu."

Akakishika kwa mikono miwili, hakunywa. "Naweza kuyachukua tena," alimwambia Luciana. "Ni ya kwangu. Wewe una shati."

Luciana akaliangalia shati. Mkono wa pili ulikuwa umekatwa tayari, umelala juu ya meza. Akaangalia viatu vya yule msichana na ngozi ya visigino vyake, iliyochunika na kupona na kuchunika tena.

"Mmebakiza mbali?"

"Hata bahari hatujaimaliza. Na akiamka atataka chakula, kisha nimtandikie upya."

"Ukiyachukua, yeye atahisi chochote?"

Msichana akafikiri kabla ya kujibu, kwa sababu hakupenda kumsema abiria vibaya. "Hapana. Yeye amelala."

"Basi kunywa chai kwanza," Luciana alisema.

Msichana akanywa. Akamenya kiazi, akakila polepole mpaka mwisho, amekaa. Luciana alishika mkono wa shati, akatia pini moja, akatia ya pili, kisha akaweka shavu juu ya kitambaa ili mashavu yapumzike kidogo. Kengele ya mchana ilipogonga, stuli ilikuwa tupu, kikombe kimeoshwa na kufunikwa kifudifudi.

Mwalimu Edith aliliinua shati, akaligeuza nje na ndani. "Kola yako ndiyo nzuri kuliko zote," alisema. "Lakini shati la mkono mmoja nimvalishe mtoto gani? Njoo tena baada ya mavuno, nitachukua wengine. Mwombe baba yako mdogo siku hiyo akae nyumbani."

"Ndiyo mwalimu."

Siku aliyorudi Maximilian kutoka China, Bibi Otilia alimwita Luciana jikoni kabla gari halijafika. "Leo weka mikono nyuma," alimwambia. "Mwamkie, mkaribishe, lakini mikono iweke nyuma. Mimi ndiye niliyekufundisha kupokea, leo nakuambia acha. Usipompokea, uchovu utamrudia mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani, bibi?"

Nje gari likapiga honi, Bibi Otilia akajifuta mikono akatoka.

Maximilian alishuka kwenye gari amenyooka, shati halina kunjo. "Nililala kama mtoto anayenyonya!" alisema akiwa bado mlangoni. "Mama, nilikuwa nateseka bure miaka yote hii. Luciana, hukusikia kitu, sivyo?" Akatoa kifuko kidogo cha zipu alichopewa ndani ya ndege, akamwekea kizingitini. Kilikuwa na soksi, mswaki na kitambaa cha kufunika macho. "Zawadi yako hiyo. Shati vipi?"

"Nilishona kola," Luciana alisema.

"Safi sana."

"Hakumaliza," alisema Bibi Otilia. "Alizidiwa. Alibeba uchovu wa yule msichana anayekutandikia kitanda."

Maximilian hakubisha, kwa kuwa mama yake hakuwa mwongo, na alimkumbuka msichana mwenyewe. Alikuwa mtu wa haki katika biashara zake, akalipima jambo hilo upande huu na upande ule.

"Basi huo si wa kwangu, mama," alisema mwishowe. "Mimi nililala. Sasa mtu aliyelala ataulizwa nini?"

"Baada ya mavuno atajaribu tena. Siku hiyo kaa nyumbani."

"Baada ya mavuno nina safari, nimeshakata. Bizinesi tena. Viti vya kule nyuma siwezi kuvirudia, mama, magoti ya huyu mtoto yatabana." Alisema hivyo kwa upendo, na Luciana aliusikia upendo huo.

Kisha akasimama na begi mkononi, akangoja, kama wakubwa wanavyongoja pale kizingitini. Bibi Otilia alimtazama mjukuu wake. Mikono ya Luciana ilikuwa nyuma, imeshikana. Aliwaza kwamba saa ile mahali fulani juu ya bahari mtu ameketi na anavuliwa koti. Madirisha yanafungwa, taa zinazimwa, wanasema ni usiku. Ndani ya giza hilo yule msichana anapita kati ya vitanda, anainama, anafunika watu, na visigino vyake haviumi. Akiacha mikono nyuma, vitaanza kuuma sasa hivi, katikati ya njia, na hatajua amekosa nini. Maximilian hataumwa popote.

Luciana akaifungua mikono, akainyoosha.

"Shikamoo baba mdogo. Nipe nikupokee."

"Marahaba, mama."

Begi lilikuwa jepesi, halikuwa na kitu zaidi ya nguo. Alilipeleka ndani, akaliweka juu ya kiti, akarudi uani kumalizia mahindi. Mashavu yalikuwa yameshaanza kuuma. Akavaa soksi za ndege ndani ya kandambili, kwa kuwa upepo ulikuwa wa baridi na soksi zilikuwa nzuri, akajilaza juu ya gunia. Maximilian alikuwa anazunguka nyumba kwa hatua ndefu, anamweleza mama yake atakapojenga tangi la maji.

Jirani yao Marselino alipita nje na jembe begani. Alimwona Luciana amelala juani na soksi zake mpya, akapunguza mwendo.

"Pole na safari, Luciana."

"Ahsante, nimeshapoa," Luciana alijibu, kama inavyojibiwa, akafumba macho.