Saa Kumi ya Angani

Naingia chumbani saa sita na nusu mchana, najilaza bila kuvua viatu, barua kifuani, huku Baba akikoroga makande jikoni, na kabla sijajua kama nimefumba macho kitanda kinaanza kukimbia. Barua inasema nimepata kazi. Kampuni ya ndege tatu ndogo, huko Lukwamba, ambako simjui hata mbwa. Miaka mitatu, rubani mmoja kwa kila ndege, jibu kwa ujumbe wa simu kabla ya saa 10:00 leo. Mwaka wa pili sasa mtaa mzima unaniita rubani na sina ninachorusha. Nikikataa, sijui nani ataniita tena. Nikikubali, Baba, aliyebaki na mimi tu tangu Mama afariki, atabaki na kuta. Nitaamua nikiamka, najiambia, saa kumi bado iko mbali, na kitanda kinakimbia, kinakuwa barabara, barabara inakuwa uwanja wa ndege usio na mwisho, nami natembea juu ya mstari mweupe nikikokota begi ambalo sikulipanga.

Mbele yangu amesimama mtu mwenye kizibao cha kung'aa, kama wale wanaoelekeza ndege pa kuegesha, na pale penye uso hapana kitu. Hapo napata taabu ya kijinga kabisa: nitamwamkiaje mtu nisiyeweza kuuona umri wake? Nisipompa shikamoo nitakosa adabu, nikimpa huenda nikamzeesha bure. Shikamoo, nasema mwishowe. Marahaba, anajibu, ila mimi ni mdogo wako kwa siku moja. Siku gani? Siku utakayoondoka. Namuuliza Lukwamba ni wapi, ananyoosha mkono, na mkono ukinyooka mji unatokea, mji mzima wa vioo, nyumba baada ya nyumba, na kila kioo kina mimi na begi langu. Nabisha mlango wa kwanza, hodi, na wa ndani naye anapiga hodi, kwa sauti yangu. Nabisha wa pili, hodi, hodi, wa kumi, wa mia, mji mzima unabisha na hakuna hata mmoja wa kusema karibu. Nalia, sifichi, nalia kama mtoto aliyesahauliwa shuleni, na vioo vyote vinalia nami na hakuna anayenibembeleza.

Saa ngapi? ananiuliza yule asiye na uso. Saa saba kasoro, nasema, muda ninao. Saa saba ya nani? Nataka kumcheka, kisha nakumbuka. Aliyeandika barua ni rubani. Sisi marubani dunia nzima tunafuata saa ya Greenwich, kule Uingereza, na saa 10:00 ya huko, hapa kwetu ni saa saba mchana. Nimefundishwa hilo, nikatahiniwa, nikafaulu, halafu nimeisoma barua kama mtu anayengoja chai ya alasiri! Nakimbia. Ndege imewashwa, ndogo, kiti kimoja tu mbele, na mlangoni pake amesimama Baba, mwiko mkononi. Baba, nikienda utakula na nani? Namkunda, mwanangu, ananiita kwa jina, upweke wangu nimeshauzoea, ninaogopa wako. Basi nibaki? Sijasema hivyo. Basi niende? Hilo pia sijasema. Namtazama nipate jibu usoni, na uso wake unafutika, nyusi kwanza, kisha macho, nami nampenda mno. Nataka kusema nabaki. Nafungua mdomo, inatoka nakubali.

Naamka. Simu iko mkononi, ujumbe umeshakwenda, neno moja, Nakubali, saa saba kasoro dakika moja. Sikumbuki kuuandika. Jua la mchana lipo dirishani, harufu ya makande ipo, viatu vyangu viko miguuni na vina vumbi jeupe nisilolijua. Natoka hadi sebuleni. Baba ameketi mezani, amepakua sahani mbili, na anazungumza na kiti changu kitupu. Kula mwanangu, anakiambia, yanapoa. Baba, nasema, niko huku mlangoni. Anatabasamu bila kugeuka, kama mtu ambaye mwanawe ameshaondoka, anakisogezea kiti chumvi.