Kura ya Mjomba

Hasira za mwandishi mmoja wa kumbukumbu za Bunge zilianza asubuhi, alipokuta kijitabu juu ya meza yake. Jaladani kulikuwa na picha ya mjomba wake, mbunge, meno yote nje, na chini yake maneno: "Rekodi Yangu Isiyo na Doa." Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na mjomba alitaka mpwa wake akihakiki kabla hakijachapwa.

Haya, akakihakiki. Kwa miaka mitano Bunge lilikuwa limepiga kura mara mia mbili na kumi, na mara mia moja na thelathini mjomba hakuwepo. Miswada aliyoileta mwenyewe ilikuwa mitatu. Wa kwanza ulitaka vibao vya barabarani vipakwe rangi mpya. Wa pili ulitaka iwepo siku ya taifa ya kupanda maua, ukapita bila kelele, maana nani atagombana na maua? Alipoufikia wa tatu, mwandishi aliweka kalamu chini.

Huo ulikataza viwanda kufunga milango kwa nje wafanyakazi wakiwa kazini. Mdogo wa kike wa mwandishi alikuwa akishona mashati katika kiwanda cha namna hiyo. Zamu ikishaingia, mlinzi hutia kufuli, eti watu wasitoroke na vitambaa. Mwaka juzi moshi ulijaa mle, na wanawake wawili wakafa wakiugonga mlango. Mjomba alilia Bungeni siku alipouleta muswada. Alilia kweli, na mwandishi akayaandika maneno yake huku naye akifuta machozi.

Wiki iliyopita ikaja siku ya kura, wabunge wakaitwa mmoja mmoja kwa majina. Ilipofika zamu ya mjomba, alisimama, akatengeneza tai, akasema, "Hapana." Muswada wake mwenyewe, jamani! Ndiyo zikawa tisini na moja, Hapana tisini na mbili. Na sasa kijitabu hiki, bila haya, kilisema alipiga Ndiyo.

Saa nne mjomba aliingia ofisini bila hodi, manukato yamemtangulia, mkononi ana fomu ya masahihisho. Wabunge huitumia fomu hiyo kunyoosha sentensi zao zilizopinda kabla kumbukumbu hazijachapwa. Huyu alitaka kunyoosha kura. Alikuwa ameshaijaza na kutia sahihi: "Hapana isomeke Ndiyo."

"Kosa dogo la uandishi tu, mpwa wangu," alisema, akiiweka fomu mezani na kuvuta kiti. "Rekebisha hapo tumalize."

"Mjomba, nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwako."

"Chama kilinibana asubuhi ile. Mambo haya utayaelewa ukikua."

"Nina miaka arobaini na mmoja."

Mjomba akajitia kutosikia.

"Na hesabu umepiga?" mwandishi akaendelea. "Nikikuandikia Ndiyo, zitakuwa Ndiyo tisini na mbili, Hapana tisini na moja. Muswada utakuwa umepita. Makufuli yatang'olewa."

Mjomba akaitazama tena fomu yake. Mheshimiwa mzima, mtunga sheria, alikuwa hajajumlisha!

"Basi andika sikuwepo," alisema upesi. "Zitalingana, na kura zikilingana muswada huanguka. Hakuna atakayeumia."

Hapo damu ilimchemka mwandishi. Uongo wa kwanza angalau ungefungua mlango. Huu wa pili mjomba alikuwa ameupima vizuri, usimwokoe mtu yeyote ila yeye.

"Siandiki."

"Nani alikuingiza kazi hii?" Mjomba alikuwa ameshatoa simu, anampigia dada yake. Akaongea naye kidogo kwa sauti ya upole, kisha akaisukuma simu mezani. "Ongea na mama yako. Labda yeye atakukumbusha damu ni nini."

"Mwanangu," mama alisema, "mfanyie mjomba wako anachotaka. Si ndiye aliyetupigania? Ameniambia yeye alisema Ndiyo, wenzake ndio waliomgeuka."

"Mama, alisema Hapana."

"Nani kakudanganya?"

"Nimeandika mimi, kwa mkono wangu. Ilipungua kura moja tu."

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Ya kwake?"

"Ya kwake, mama."

"Wiki nzima namwombea dua. Wiki nzima nawalaani wale wengine." Akavuta pumzi. "Mpe simu."

Mjomba aliipokea akitabasamu. Tabasamu halikudumu.

"Binti yangu yuko mle ndani!" Sauti ya mama ilisikika chumba kizima. "Sasa hivi tunavyoongea, amefungiwa! Na wewe umekula kwangu Jumapili, ukanitazama usoni!"

"Dada, nisikilize kwanza..."

Nani alimsikiliza? Mwandishi akaivuta ile fomu. Kwa kanuni za Bunge, kila ombi la masahihisho, likubaliwe lisikubaliwe, huchapwa pamoja na kumbukumbu, neno kwa neno, na jina la mwombaji. Mjomba alikuwa na vipindi viwili Bungeni na kanuni hiyo hajawahi kuisoma. Chini ya sahihi yake mwandishi akaandika, "Limekataliwa," akagonga muhuri.

Mjomba aliusikia muhuri. Akashusha simu, mama bado anafoka, akanyoosha mkono. "Nirudishie karatasi yangu."

"Ni mali ya Bunge sasa, Mheshimiwa," alisema mwandishi.

Tangu azaliwe, hakuwahi kumwita hivyo wakiwa wawili tu.