Babu Kwenye Foleni ya Picha

Mjukuu wangu Stratis ni mrefu kama mlango, ndiyo maana serikali ilimpenda. Wenzake jeshini wanamenya viazi huko mipakani. Yeye wamemvisha sketi nyeupe ya marinda na viatu vyenye vishada puani, wakamsimamisha pale uwanja wa Sintagma, hapa Athene, alinde kaburi la Askari Asiyejulikana. Na marehemu sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na hao wanaojulikana, wanaokaa bungeni nyuma ya ukuta wa kaburi, waliokata pensheni yangu hadi ikabaki ya kununulia dawa na mkate. Ningekuwa mkubwa wa Stratis ningemgeuza atazame ndani, maana wezi hawatokei barabarani.

Jumapili ile nilikwenda kumwuliza jambo moja tu. Mama yake, binti yangu Froso, yuko Ujerumani tangu kijana akiwa mdogo. Tumemlea mimi na marehemu mke wangu Stamata. Stamata alifia kwenye korido ya hospitali, akisubiri kitanda ambacho waziri alikuwa ameapa kwenye televisheni kwamba kipo. Tangu hapo Froso ameshikilia tuuze nyumba, mimi nihamie kwake. Alhamisi alikuwa aje na mnunuzi.

"Baba, huwezi kukaa peke yako. Juzi umesahau jiko linawaka."

"Stratis akimaliza jeshi atakaa na mimi."

"Amesema hivyo?"

Hakusema. Kila nikimpigia simu: "Tutaona, babu, sasa hivi nakimbia." Nikawaza wee, nikaona kuna mahali pamoja tu duniani ambapo mtoto huyu hawezi kukimbia.

Nikafika gwaride la saa tano limekwisha, Stratis kaanza zamu, kasimama kama nguzo ya kanisa. Pembeni yake kulikuwa na askari mfupi mwenye magwanda ya mabaka, ambaye kazi yake ni kumfuta jasho mlinzi, kumnyoosha kishada cha kofia, na kuchunga watalii.

"Unasimama hapa, humgusi, humwigi," aliwaambia. "Picha, halafu unampisha mwenzio."

Asiyepiga picha hakaribii. Simu yangu haina kamera, basi nikamwonyesha kwa vidole mama mmoja wa Kipolandi mwenye kofia pana ya ukindu, akaelewa, akanyanyua simu yake. Nikasogea kando ya mjukuu wangu, nikatabasamu mbele, nikasema kwa pembe ya mdomo:

"Mama yako anauza nyumba. Ukimaliza jeshi utakuja kukaa na mimi, au hapana?"

Kimya. Anatazama mbele, hata kope haitikisiki.

"Imetosha, mzee," akasema yule mfupi.

Nikarudi mwisho wa foleni. Mama wa Kipolandi akanifuata, akidhani picha imeharibika.

Mimi nimeuza machungwa gulioni maisha yangu yote, na mteja anayepiga kelele sijawahi kumwogopa. Wa kuogopwa ni yule anayetazama tunda asiseme kitu, kwa sababu unajikuta unashusha bei mwenyewe. Zamu ya pili nilipofika kando yake nikasema:

"Chukua chumba chenye roshani. Mimi nitalala kile cha nyuma."

Kimya.

Zamu iliyofuata: "Na sigara nitavutia nje. Hata mvua ikinyesha."

Kimya. Mhindi mmoja nyuma yangu alianza kunung'unika. Yule mfupi akanikazia macho.

"Babu, picha ngapi? Huyu si bibi harusi."

"Nalipa kodi. Sketi hiyo mita mbili ni zangu."

"Basi hii ya mwisho."

Nikajua sina tena nafasi. Nikasogea, miguu inaniuma, jua linachoma, mama wa Kipolandi ananihesabia kwa lugha yake. Nikatoa kila nilichonacho gengeni.

"Na habari ya bunge sitaitaja mezani. Chakula cha mchana chote. Stratis, nyumba ile ina sauti ya bibi yako kila pembe. Ujerumani nitamsikia wapi? Utakuja?"

Akanyanyua bunduki kidogo, akagonga kitako kwenye marumaru. Paa. Njiwa wakaruka, watalii wakarudi nyuma, mama wa Kipolandi akaangusha kofia. Kila Mwathene anaijua ishara hiyo: mlinzi anamwita askari wa kumchunga, kuna mtu anamsumbua.

Moyo ukanishuka hadi kwenye soksi. Mtoto niliyemfundisha kutembea ananifukuza mbele ya watu.

Yule mfupi akaja mbio, akasimama pua kwa pua naye.

"Pepesa kama ndiyo. Ni joto?"

Macho yakabaki wazi.

"Kofia inabana?"

Wazi.

"Ni huyu mzee?"

Akapepesa. Nikaanza kuondoka mwenyewe, nina heshima yangu.

"Nimwondoe?"

Macho yakabaki wazi. Nikasimama. Yule mfupi akakuna shingo.

"Unamjua?"

Akapepesa.

"Kuna kitu nimwambie?"

Akapepesa.

"Sasa mimi nitajuaje? Matusi?"

Wazi.

"Hapana?"

Wazi, yametoka kama ya samaki, yanaanza kulengwalengwa na machozi kwa kukazana.

"Ndiyo?"

Akapepesa, akapepesa tena, machozi yakamtiririka hadi kidevuni. Yule mfupi akatoa leso akamfuta, akanigeukia.

"Mzee, anasema ndiyo. Sijui umemwuliza nini na sitaki kujua. Sasa shuka huko chini, kuna watu wanangoja."

Nikashuka. Ngazini nikampigia Froso.

"Mwambie mnunuzi wako abaki na hela zake. Kijana amekubali."

"Amekwambia mwenyewe?"

"Ameniambia kupitia askari."

"Askari gani, baba?"

"Jina lake silijui. Yule anayemfuta jasho."

Froso akaniuliza kama leo nimekunywa dawa zangu.