Boksi Moja, Magari Mawili

Hajira alivuta hendibreki hadi mwisho, akazima gari kwenye mteremko wa nyumbani kwa shangazi yake, Kisarawe. Mama alikuwa ameshusha mguu mmoja gari lilipoanza kurudi nyuma. Hajira akawahi kukanyaga breki ya mguu. Mama hakuumia, ila kandambili yake ilisagwa na tairi.

Akaitwa fundi wa jirani, Rajabu. Gari likashushwa hadi tambarare. Rajabu akalipiga jeki nyuma, akavuta hendibreki, akajaribu kuzungusha tairi. La kushoto likagoma. La kulia likazunguka kama feni.

"Dada, hii inashika upande mmoja. Nani alikutengenezea?"

"Mdogo wangu Amiri, ana gereji Mlandizi. Mwezi uliopita tu! Nilinunua boksi zima, viatu vya breki vinne, viwili kwa kila tairi la nyuma. Na vya zamani akanirudishia vyote nivione. Vimo kwenye buti, ndani ya boksi lilelile."

Rajabu akafungua dramu ya breki kwenye tairi la kulia. Viatu vilikuwa vimelika, chuma kinaonekana. Akaenda kuchungulia buti.

"Vinne kweli. Lakini vyako viwili vya zamani bado vimo kwenye tairi la kulia. Sasa, hivi viwili vya ziada vimetoka gari la nani?"

Hajira hakuhitaji kuambiwa. Amiri alikuwa na teksi ya aina ileile. Akampigia.

"Shikamoo, dada."

"Kaa na shikamoo yako. Viatu vyangu viwili viko wapi?"

"Muulize Mama. Yeye ndiye alisema tugawane, kila gari lipate upande mmoja."

Hajira akageuka. Mama hakukwepa macho yake.

"Wote nimewazaa mimi. Wewe una mshahara, mwenzio anahangaika. Mimi nitajuaje kwamba gari linataka pande zote?"

"Wewe hujui. Amiri je, fundi mzima?"

Hajira akashusha simu.

"Mngeniomba, Mama. Ningenunua boksi la pili."

"Ungemsimanga kwanza."

"Kwa hiyo akachanganya vyuma vyake vya zamani na vyangu, nihesabu vinne niridhike. Na hilo ulilijua?"

"Boksi nililifunga mimi," Mama akasema, sauti imeshuka.

Hajira alimtazama Mama, ambaye yeye ndiye humpeleka kliniki Tumbi kila wiki kwa gari hilohilo. Akarudisha simu sikioni.

"Amiri, njoo Kisarawe umchukue mama yako. Na gari lako nalo linashika upande mmoja, kwa hiyo ukifika uegeshe tambarare."